Semina 15, vyeti 15: ni kipi hasa kilichobadilisha unavyofanya kazi?

#1 Mkunga wa Zamu

Wanajamvi, habari za Jumapili.

Jana nilikuwa napanga faili la kuhuishia leseni. Nimehesabu vyeti vya semina tangu niajiriwe 2009, vipo 15. Kuzuia maambukizi, chanjo, patografu, takwimu, huduma rafiki kwa vijana. Vyote vina mihuri. Nikakaa kitandani na faili mapajani nikajiuliza: kati ya hivi, ni kipi kilichobadilisha mikono yangu?

Jibu halimo kwenye faili.

Mwaka 2016 tulipata matroni mpya. Wiki yake ya kwanza aliutoa mdoli wa kufundishia kuwasaidia watoto wachanga kupumua, uliokuwa umefungiwa stoo, akauweka mezani pale pale leba. Utaratibu ukawa huu: ukiingia zamu, kabla ya kupokea ripoti, unashika ambu (mfuko wa kusukumia hewa) na maski unampulizia mdoli, mwenzako anaangalia kifua kama kinapanda. Dakika tatu, nne, mmemaliza. Hakuna posho, hakuna soda, hakuna kusaini.

Siku ya kwanza kifua hakikupanda. Na mimi mafunzo hayo hayo ya siku moja nilikuwa nimeshayapitia na kufaulu vizuri. Mwenzangu akainama akaniambia, "Dada, hewa inatokea hapa pembeni. Kidole chako hakijanyanyua kidevu." Kitu kidogo kiasi hicho. Hakuna mkufunzi aliyewahi kukiona kwa sababu ukumbini tulikuwa watu 40.

Wiki kama tatu baadaye, saa tisa usiku, akazaliwa mtoto amelegea, kimya. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Kitovu, maski, kidole chini ya kidevu, nikaona kifua kinapanda. Sikuwa nafikiri, mikono ilikuwa inajua njia. Alipolia, mama yake naye akaanza kulia.

Dai langu: semina za kwenda mjini karibu zote hazibadilishi kazi. Kinachobadilisha ni zoezi fupi, linalorudiwa, pale pale unapofanyia kazi, mbele ya mwenzako. Walimu, wachungaji, watumishi wa kada nyingine, kwenu ikoje? Mnipinge kwa mfano mlioishi.

#2 Kabwela Halisi

Tatizo ni posho. Ondoeni posho muone nani atabaki kwenye kiti. Nimemaliza.

#3 Mwl. wa Darasa la Tatu

Dada mkunga, asante kwa uzi. Sikupingi, nakuongezea.

Shuleni kwetu Jumatano saa nane baada ya vipindi tuna Jumuiya ya Kujifunza, ule mpango wa MEWAKA wa walimu kujifunza wakiwa kazini. Mwanzoni tulikuwa tunasoma moduli kwa sauti, mmoja anasoma, wengine wanasahihisha madaftari. Muhula uliopita nikabeba tatizo langu. Nina wanafunzi 87. Niliwapa 52 − 27, na madaftari 41 yakawa na jibu moja: 35. Nilikuwa nimefundisha kukopa makumi wiki nzima. Nikarudia wiki nyingine. 35 zikabaki pale pale.

Nikayamwaga madaftari mezani. Tukaona mtoto anafanya tano toa mbili, tatu. Halafu saba toa mbili, tano. Yaani kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Tukaanza kubishana, wengine wakisema ni uvivu wa watoto. Mama wa darasa la kwanza, anastaafu mwakani, alikuwa kimya muda wote. Akavuta daftari moja karibu na macho, akasema: "Hili ni langu. Mimi ndiye ninayewaambia kila siku, ndogo haiwezi kutoa kubwa, toeni ndogo kwenye kubwa."

Chumba kikanyamaza.

Siku ile ile tukakubaliana maneno mapya toka darasa la kwanza: anza na namba ya juu, halafu toa ya chini. Na tukarudisha vijiti vilivyofungwa kumi kumi, mtoto afungue fungu kwa mkono wake akihitaji. Baada ya wiki mbili nikatoa swali la aina ile ile. Waliokosea kwa njia ile walikuwa 9.

Hiyo hakuna semina ya wilaya ingeiona. Lakini ona pia: mimi kama mimi nisingeiona. Mazoezi yangu yalikuwa mengi tu, nilirudia wiki mbili nzima.

#4 Kipima Joto

Mwl., huyo mama wa darasa la kwanza ndiye habari kubwa hapa. Wangapi kati yetu, miaka zaidi ya 30 kazini, tungesema "hili ni langu" mbele ya vijana?

#5 Tabibu wa Mbali

Alichosema mtoa mada kimepimwa, tena hapa hapa kwetu. Hospitali ya Haydom kule Arusha waliwapa wahudumu mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua. Wakipimwa kwenye mdoli, wamepanda sana. Wakiangaliwa leba kwa mtoto halisi, hakuna kilichobadilika. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Baadaye wakaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara ndani ya wodi na vifo vikapungua kwa asilimia 47.

#6 Mtoto wa Mbulu

Mkuu #5, masahihisho mawili kwa heshima zote.

Haydom iko Mbulu, mkoa wa Manyara. Ilikuwa Arusha kabla mkoa haujagawanywa 2002. Sisi wa huko tunaisema vizuri.

La pili ni zito zaidi. Hiyo 47 siyo ya Haydom na mazoezi mafupi. Hiyo ni ya hospitali nane za Tanzania, ilichapishwa 2013 pia, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilivyopungua baada ya mafunzo yale yale kusambazwa. Ya Haydom ilitoka 2015: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki ndani ya leba, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Nalisema kwa sababu namba hizo mbili zikichanganywa, hoja inapotea. Hospitali nane mafunzo yalileta mabadiliko makubwa, Haydom siku moja peke yake haikuleta. Kwa nini? Hapo ndipo pa kuuliza.

#7 Tabibu wa Mbali

Nimepokea masahihisho, asante mkuu.

#8 Kabwela Halisi

Mnaona? Dakika tatu kila wiki hazina posho. Narudia nilichosema.

#9 Nesi Ughaibuni

Shikamooni wakubwa. Nafanya kazi Uingereza, wodi ya wazee.

Huku tangu 2016 kila baada ya miaka mitatu unahuisha usajili kwa kuonyesha saa 35 za kujifunza, 20 kati yake uwe umejifunza pamoja na watu, siyo peke yako na kompyuta. Unaandika habari tano za tafakari: nini kilitokea, umejifunza nini, umebadilisha nini. Halafu unakaa na nesi au mkunga mwenzako mnazijadili.

Sasa kwa uzoefu wangu. Kuna mwaka niliandika habari zote tano usiku mmoja. Zilipita. Mwaka mwingine niliandika moja tu kwa ukweli, kuhusu bibi mmoja niliyemlisha haraka akapaliwa. Niliyejadiliana naye hakunilaumu, aliniuliza, "Ulikuwa unamwangalia nani wakati unamlisha?" Nilikuwa naangalia kengele ya chumba cha pili. Toka siku hiyo nikilisha mtu nakaa kwenye kiti, silishi nimesimama.

Utaratibu ni ule ule mmoja. Mwaka mmoja umekuwa makaratasi, mwaka mwingine umenibadilisha. Kwa hiyo mimi siamini ni utaratibu. Ni swali unaloulizwa, na nani anakuuliza.

#10 Mchungaji wa Pembezoni

Bwana asifiwe, na salamu kwa wa imani nyingine pia.

Nesi #9 amenigusa, maana nami nilipitia kitu cha namna hiyo. Baada ya chuo cha theolojia na miaka sita ya usharika, nilipelekwa mafunzo ya uchungaji wa hospitali. Unaingia wodini asubuhi, unakaa na mgonjwa, ukitoka unaandika mazungumzo neno kwa neno jinsi unavyoyakumbuka: yeye kasema nini, wewe umejibu nini. Mchana unayasoma mbele ya wenzako watano na mwalimu.

Nilisoma mazungumzo yangu na baba mmoja mwenye kisukari:

Mgonjwa: Kesho wanaukata mguu.
Mimi: Mungu wetu ni mwema, baba.
Mgonjwa: Ndiyo, mchungaji.
Mimi: Tuombe.

Nilipomaliza, mwalimu akaomba nisome tena mistari miwili ya kwanza. Nikasoma. Akaniuliza: "Uliogopa nini?" Nikaanza kutetea sala. Akasema, "Sala ni njema. Nauliza uliogopa nini mpaka hukumpa nafasi ya kusema neno la pili kuhusu mguu wake."

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilirudi kwa yule baba kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji, nikamwambia, jana ulinitajia mguu. Akaongea nusu saa. Alikuwa anawaza atapandaje mnazi.

Nimehubiri mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuna mahubiri yangu yaliyowahi kusomwa tena mbele yangu namna ile.

#11 Binti Pwani

Mchungaji, umeniliza. Mnazi.

#12 Mwanatheolojia Mtaani

Kwa wasiofahamu, namna hiyo ya kujifunza ilianza Marekani 1925. Anton Boisen alikuwa mchungaji aliyewahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, baadaye akawachukua wanafunzi wa theolojia na kuwafundisha katika hospitali ya Worcester, Massachusetts. Alitaka wamsome mgonjwa kama wanavyosoma kitabu. Kwetu yanafundishwa KCMC, Moshi.

Lakini ni wachache wanaofika. Waliobaki ni wainjilisti wa mitaa, na hao ndio wanaokutana na msiba kila wiki. Mimi nimesoma theolojia kwa enezi, madaftari unapelekewa kijijini, mnakutana kikundi kila baada ya muda. Uzuri wake ni kwamba ukisoma Jumanne kuhusu wafiwa, Alhamisi kuna msiba mtaani, unajaribu, Jumanne nyingine unarudi na maswali. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayekuona ukiwa msibani. Unarudi na hadithi yako mwenyewe, na wewe ndiye unayeisimulia.

#13 Mzee wa Redio

Vijana, marahaba.

Mnazungumza kana kwamba mambo haya yameanza na midoli. Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma 1974 nchi ilitaka walimu wengi kwa haraka. Nilimaliza darasa la saba, nikachukuliwa. Nilifundisha huku nasoma, masomo yanakuja kwa posta na redio, na mratibu anakuja kukaa nyuma ya darasa. Nilifundishwa kazi nikiwa ndani ya kazi. Watu wametutukana sana sisi walimu wa UPE, na mimi najua nilivyohangaika na hesabu za darasa la sita. Lakini mratibu wangu alikuwa anakuja kwa baiskeli, anakaa vipindi viwili, halafu anafundisha kipindi cha tatu yeye mwenyewe, mimi naangalia. Leo afisa akija anakagua andalio la somo, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Mtu ni Afya, 1975. Kijiji kizima kinakaa na redio moja, tunasikiliza, tunajadili, tunatoka kuchimba vyoo siku hiyo hiyo.

#14 Kipima Joto

Shikamoo mzee. Mtu ni Afya ilikuwa 1973. Ya 1975 ilikuwa Chakula ni Uhai.

#15 Mzee wa Redio

Marahaba. Ni kweli, 1973. Nilikuwemo kwenye kampeni zote mbili ndiyo maana zimechanganyika. Tulikuwa kama milioni mbili nchi nzima kwenye vikundi vile.

#16 Mchambuzi Kimya

Mzee kaleta jambo ambalo linapinga nusu ya uzi huu, na sijui kama limeonekana.

Tumezoea kusema mafunzo ya ngazi kwa ngazi hayafai: wa taifa anamfundisha wa mkoa, wa mkoa anamfundisha wa wilaya, wa wilaya anamfundisha mwalimu, na kila ngazi uji unaongezwa maji. Mtu ni Afya ilifanya hivyo hivyo. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa kwa ngazi. Na vyoo vilichimbwa.

Tofauti ninayoiona mimi: uji wenyewe haukupita kwa viongozi. Ulipita redioni, kila kikundi kikasikia maneno yale yale siku ile ile, na kijitabu mkononi. Kiongozi alifundishwa kuendesha mjadala tu. Sisi tunamtwisha mtu wa kati maarifa yote ayabebe kichwani kutoka hotelini mpaka shuleni. Ngazi hazina kosa, kosa ni tunachozibebesha.

#17 Mwalimu Machakos

Hamjambo majirani. Huku Kenya tumepitia ngazi sana. SMASSE, mradi wa semina za walimu, ilianza 1998 wilaya tisa, 2003 ikaenda nchi nzima, kwa walimu wa hesabu na sayansi. Nilihudhuria wakati wa likizo. Falsafa yake ilikuwa nzuri: panga, tenda, ona, boresha, na utumie vitu vya mazingira badala ya kungoja maabara. Mpaka leo natengeneza spirometa ya chupa ya maji ya kupima hewa ya mapafu, nilijifunza huko. Kwa hiyo siwezi kusema semina hazifai.

Halafu Tusome ikaja shule za msingi, hiyo ilikuwa na afisa anakuja darasani na kishikwambi, anakusikiliza ukifundisha kusoma, anapima watoto watatu, mnakaa chini ya mti mnazungumza. Mke wangu anafundisha darasa la pili, alikuwa anamngoja yule afisa kwa hamu.

Lakini 2021 mwajiri wetu akaleta moduli za lazima, shilingi 6,000 kwa mwaka, unalipa mwenyewe, ndipo uendelee kuwa na cheti cha kufundishia. Vyama vya walimu vikapinga. Mimi nilikuwa na hasira pia. Kujifunza kukishakuwa sharti la kubaki kazini, mtu anatafuta njia ya kupita, hatafuti kujua. Bwana Posho hapo juu anasema posho inaharibu. Na kutoza je?

#18 Kabwela Halisi

Bwana Posho nimekusikia 😄 Jina nimelipokea. Lakini sikusema watu walipie. Nimesema mtu asiende kwa ajili ya hela.

#19 Mama Wawili Zamu Moja

Naomba niseme kwa niaba ya zahanati.

Tuko wawili. Mmoja akiwa likizo, niko peke yangu: kliniki ya watoto, wajawazito, majeruhi wa bodaboda, dirisha la dawa. Posho niliyolipwa semina ya mwisho niliinunulia mtungi wa gesi, na sioni aibu. Siku zile tatu za semina zilikuwa siku pekee mwaka ule nilizokaa chini nikasikiliza mtu anaongea mpaka mwisho.

Mtoa mada anasema mwenzako aangalie kifua. Mwenzangu yuko wapi? Zoezi la dakika tatu linataka watu wawili. Kwangu kuna mtu mmoja na foleni. Msiseme watumishi hawataki kujifunza. Hesabuni watu kwanza.

#20 Mwl. wa Darasa la Tatu

#19 dada yangu, nimekusoma na nimenyamaza dakika kadhaa. Ni kweli. Sisi Jumatano tunaweza kwa sababu tuko walimu kumi na moja. Shule jirani wako wanne, madarasa saba.

Niliulizwa inboksi kuhusu wale watoto 9. Wawili hawaoni ubao. Tumewahamishia mbele na mmoja keshapelekwa kupimwa macho. Saba bado nahangaika nao.

#21 Afisa Asiyesema Jina

Mimi ni upande wa pili. Nasimamia haya mafunzo ngazi ya kata.

MEWAKA ni Mpango wa Elimu ya Walimu Kazini, na lengo lake ni kwamba mwalimu ajifunze shuleni kwake, asisafirishwe. Mnachokisifu hapa ndicho kilichoandikwa. Tatizo linaanza tunapodaiwa ushahidi. Natakiwa nipeleke mahudhurio na picha. Nikidai picha, walimu wanakaa wapigwe picha. Nimeona kikao cha dakika kumi, picha sita. Na nimeona shule ambayo hainitumii picha hata moja, ukiingia darasani unakuta vijiti vimefungwa kumi kumi. Kwenye taarifa yangu shule ya kwanza ndiyo inayofanya vizuri.

#22 Mtaka Ukweli

#21, ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mengine yote uliyosema nayaunga mkono, na naheshimu kwamba umeyasema.

#23 Afisa Asiyesema Jina

Ni sahihi. Asante.

#24 Fundi wa 5S

Kuna kitu kilishika hospitalini kuliko semina zote nilizoziona, 5S, njia ya kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ilianzia Mbeya, hospitali ya rufaa, 2007, kutoka Japani. Kilishika kwa sababu kinaonekana. Ukisasambua stoo, kesho kila mtu anaona sakafu. Hayo ya kumsikiliza mgonjwa au kufundisha hesabu ya kutoa hayaonekani, ndiyo maana yanarudi nyuma. Nadhani tunachanganya aina mbili za kazi.

#25 Binti Pwani

Ya tano, Shikilia, ndiyo inayowashinda wote 😄 Wodi niliyojifungulia lebo zilikuwepo ukutani, vitu vilikuwa chini.

#26 Kijana wa Mafunzo kwa Vitendo

Jamani nauliza kwa adabu. Nimemaliza chuo cha uuguzi mwaka huu. Chuoni tumefundishwa hatua kwa mpangilio mpya, nimefika kituoni mkubwa wangu anafanya kwa mpangilio wa zamani. Nikimwambia, ananiuliza umezalisha wangapi. Mazoezi ya mbele ya mwenzako yanafanya kazi vipi kama mwenzako ni mkubwa na hasahihishwi? Hapa wote mnaongea kama kusahihishana ni jambo la kawaida.

#27 Mchungaji wa Pembezoni

Mwanangu, umeuliza swali la uzi mzima. Kanisani hali ni ile ile. Waumini wakitoka ibadani wananishika mkono, "Mchungaji, ujumbe umetufikia." Miaka yote, kila Jumapili umewafikia. Mke wangu peke yake ndiye aliyeniambia kwamba nikihubiri kwenye msiba wa mtoto huwa naongeza sauti. Sikuwa najua.

#28 Kipima Joto

Mtoa mada, hebu rudi. Ilikuwaje kwenu? Wakunga wazee walikubali kuangaliwa na vijana?

#29 Mkunga wa Zamu

Nimetoka zamu ya usiku, nisameheni kuchelewa. Nimesoma yote. #19, nimekuelewa na ninaliondoa neno "karibu zote". Hukukosea kununua gesi.

Kijana #26 na Kipima Joto: walikataa. Wawili wakubwa walikaa pembeni wiki nzima. Kilichowaleta ni kwamba matroni alianza yeye, mbele yetu wote, na kifua hakikupanda. Akacheka, akamwita mhudumu wa afya mdogo kuliko wote: "Njoo uniangalie, wapi panavuja?" Yule binti alikuwa anatetemeka. Akaonyesha. Matroni akarekebisha, kikapanda, akasema asante. Kesho yake mmoja wa wale wakubwa akaja mapema kabla watu hawajafika, akajaribu peke yake.

Sasa kuna jambo sikuliandika mwanzo. Matroni alihamishwa 2019. Aliyekuja hakuwa mbaya, ila mdoli uliombwa kwa ajili ya mafunzo ya wilaya, ukarudi, ukawekwa stoo kwa usalama. Funguo anayo mtu mmoja. Wiki ya kwanza tulilalamika, ya pili tukasahau. Nimeandika uzi mzima nikiusifia mdoli ambao sijaushika kwa miaka mingi. Namshukuru Mtoto wa Mbulu kwa kutenganisha zile namba, ndizo zilizonifanya nilione hili.

#30 Mchambuzi Kimya

Basi ilikuwa matroni, siyo mdoli.

#31 Mtoto wa Mbulu

Sikubali haraka hivyo. Kuna mpango ulioendeshwa vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, matokeo yalitoka 2025, vifo vya akina mama na watoto vilipungua. Kila kituo kilikuwa na wawezeshaji wake wa ndani na mazoezi ya mara kwa mara. Vituo 30 haviwezi kuwa vyote na matroni wa aina ile. Mtu anahamishwa, utaratibu unaweza kubaki ukipewa mwenyewe wa pili na wa tatu.

#32 Mzee wa Redio

Mratibu wangu alipohamishwa, baiskeli ilibaki. Hakuna aliyeipanda.

#33 Nesi Ughaibuni

Na bado hamjanijibu kuhusu swali analouliza mtu. Utaratibu ukibaki bila anayejali jibu, unakuwa zile habari zangu tano za usiku mmoja.

#34 Mama Wawili Zamu Moja

Mimi nimejaribu jana. Sina mdoli. Nimeviringisha kanga na taulo, nikamwita mhudumu wa usafi aniangalie mkono, nikamwonyesha kidole kinatakiwa kishike wapi. Kifua cha kanga hakipandi, najua. Lakini ameniambia mara mbili kwamba kidole kimeteleza, na kweli kilikuwa kimeteleza.

#35 Mwl. wa Darasa la Tatu

Dada, umenipa nguvu ya wiki nzima.

#36 Mkunga wa Zamu

Mrejesho wa leo. Nimeomba funguo, nimepewa bila maneno. Mdoli upo. Huwa unajazwa maji uwe na uzito wa mtoto, nimeujaza ya uvuguvugu, unavuja kwenye mshono chini ya kwapa. Maski nzima, ambu nzima. Kuna aliyewahi kuziba? Gundi ya kawaida imebanduka.

#37 Fundi wa 5S

Mimina maji yote kwanza, ukaushe kabisa, hata kutwa nzima juani. Halafu nenda kwa fundi baiskeli, omba kiraka cha tyubu na solusheni yake. Akwangue kidogo kwa msasa kabla ya kubandika.

#38 Mkunga wa Zamu

Fundi baiskeli yuko geti la hospitali. Nikitoka zamu kesho asubuhi napita kwake.